UZI: Kulaza wageni Mji Mkongwe kwa siku mbili tatu – kabla hujapiga picha za kuweka mtandaoni, pita hapa

Msimamizi wa Mkunazini (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum jamii.

Haipiti wiki sijaletewa ujumbe wa aina moja: "Nina nyumba Shangani, nataka kuiweka Airbnb, ule mtandao wa kukodishia wageni, kodi yake ikoje?" Mwengine nyumba yake iko Kiponda, mwengine Jambiani, swali ni hilo hilo. Watu wanaanza na kodi, na kodi ndiyo chepesi kuliko yote humu. Kazi yangu ni kuangalia nyumba za watu walioko nje: funguo, mafundi, leseni, mgeni aliyefika usiku hana maji. Basi nayaweka hapa nisiwe narudia. Viwango vya ada za leseni sitavitaja, kila bajeti inakuja na vyake. Ulizeni dirishani, mtaambiwa cha mwaka huu.

La kwanza. Ukimpangishia mtu nyumba kwa mwaka, wewe ni mwenye nyumba na yeye mpangaji, mambo yenu ni ya mkataba. Ukimlaza mgeni siku nne kwa dola, umeingia biashara ya utalii, hata kama ni chumba kimoja juu ya duka la babu yako. Sheria ya Utalii ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2009, iliyorekebishwa 2012, inamtaka anayefanya biashara hiyo awe na leseni ya Kamisheni ya Utalii. Haikuwaandikia wenye mahoteli makubwa peke yao. Na wale wanaosema "mimi niko chini ya Airbnb" wakasome masharti ya Airbnb yenyewe: jukumu la kufuata sheria za mahali wamemtupia mwenye nyumba. Tangazo lako liko hadharani, na mlango wako wenye njumu za shaba mtaa mzima unaujua.

La pili, na hapa ndipo wengi wanapokwama: nyumba ni ya nani?

Msicheke. Nyumba za mjini zina historia ndefu. Iko ya mirathi ambayo babu alifariki zamani na hati bado ina jina lake. Iko ya wakfu, iliyo chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na wewe unakaa humo kwa kodi nafuu kwa sababu aliyeiweka wakfu alitaka watu wa mji wapate pa kukaa. Iko ya Serikali, chini ya Shirika la Nyumba. Kwenye hizi mbili za mwisho wewe ni mpangaji, na mpangaji hawezi kugeuza kitanda alichopewa akae kuwa hoteli ya mtu wa Milano bila ya ruhusa ya mwenye mali. Toa mkataba wako sandukuni usome kifungu cha kupangisha mtu wa tatu. Mimi nyumba ya wakfu sishughuliki nayo mpaka nione barua. Nimeshaitwa na watu wenye pesa nzuri, nikakataa.

Ya mirathi inahitaji warathi wote. Mmoja akiwa Dubai, mmoja Mombasa na mmoja Ng'ambo hapa hapa, wote watatu ni wenye nyumba. Anayeshika funguo si mwenye nyumba, ameshika funguo tu. Pelekeni mirathi Mahkama ya Kadhi, kila mtu fungu lake lijulikane, walioko mbali waandike uwakala. Mkifanya kinyume chake, mwaka wa kwanza biashara haitatoa kitu na hakuna atakayeuliza. Mwaka wa pili ikianza kuleta dola, ndugu watakuja hata wale msiowajua.

Nitaendelea. Karibuni na maswali.

---

Niko Muscat

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, hapo kwenye warathi kama umeniona mimi. Nyumba yetu iko Malindi, hati jina la marehemu bibi. Sisi ni wane, watatu tumekubali. Dada mmoja ndiye anayekaa chini, juu kumefungwa. Je, sisi watatu hatuwezi kuanza na ghorofa ya juu wakati karatasi zinaendelea?

Msimamizi wa Mkunazini

Hapana, shekhe. Huyo mmoja asiyekubali ndiye anayekaa humo, na mgeni atapita ukumbini kwake kila siku. Hata uwe na leseni kumi, akisimama mlangoni akasema "hapa hapaingii mtu", utamfanya nini? Halafu fomu zote zinaanza na uthibitisho wa umiliki. Utapeleka jina la marehemu?

---

Dar kwa Boti

Wakuu salama? Mimi niko Bara. Nina rafiki Mzungu anataka tununue nyumba ndogo hapo mjini, pesa yake, jina la mke wangu ambaye ni mzawa wa Unguja. Tutagawana nusu kwa nusu. Imekaaje hii?

Msimamizi wa Mkunazini

Karibu Unguja. Imekaa vibaya. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Sheria ya Ardhi ya 1992. Mzanzibari anapewa haki ya matumizi, na mgeni wa nje hamiliki ardhi. Njia zake zipo. Anaweza kukodishwa kwa muda mrefu kama mwekezaji kupitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, au akanunua fleti kwenye majengo yaliyosajiliwa kwa Sheria ya Kondominiamu ya 2010. Hizo ni njia za mlangoni. Hiyo yenu ya kuazima jina, siku rafiki akikasirika hana karatasi, na siku mke akikasirika nyinyi wawili hamna nyumba.

Dar kwa Boti

Hahaha, mkuu umenivunja. Nimeelewa.

---

Fundi Chokaa

Naomba nichangie kwenye upande wangu, maana wenzangu mnazungumza karatasi na nyumba zinaanguka.

Mtu akitaka kulaza wageni, la kwanza anataka kila chumba kiwe na choo chake. Nyumba hizi zilijengwa kwa jiwe la matumbawe, chokaa na udongo, na sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vya mjini ni virefu na vyembamba, boriti haifiki mbali, mita tatu hivi basi. Wazee waliweka choo na maji upande mmoja wa nyumba, chini kwa chini, wakijua wanachofanya. Sasa mtu anaweka vyoo vitano ghorofa ya pili, kila kimoja na bomba lake limechimbwa ukutani. Bomba likivuja huoni. Chokaa inakunywa maji kimya kimya, kichwa cha boriti kilichoingia ukutani kinaoza, na juu umepaka rangi nyeupe nzuri ya picha.

La pili saruji. Ukuta wa chokaa unapumua, unapokea unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji umeuziba pumzi. Unyevu unabaki ndani, plasta inabanduka vipande vipande, na mwenye nyumba anaongeza saruji nyengine juu yake.

La tatu matangi. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili. Unaliweka juu ya dari iliyobebwa na boriti za miaka mia, halafu unaweka na viti vya wageni wakae watazame jua likizama.

Beit el Ajaib sote tuliiona. Ilijengwa 1883 zama za Sayyid Barghash, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ikaporomoka ikiwa ndani ya matengenezo, wakafa watu wawili. Hilo ni jengo la Serikali lenye wataalamu. Wewe una mimi na kijana wangu mmoja.

Msimamizi wa Mkunazini

Maalim, Mungu akuweke. Naongezea tu kwamba mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na kuna Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kabla hujavunja ukuta, hujabadilisha dirisha, hujajenga banda juu ya paa, unakwenda kwao na mchoro, wanakuja kukagua, wanakupa kibali. Viyoyozi vinavyoning'inia juu ya njia, milango ya alumini, vibao vikubwa vya jina, haya yote yana mwenyewe wa kuuliza. Kuna watu wanafanya usiku, mawe yanatoka kwa mikokoteni kabla ya alfajiri. Wakishasimamishwa katikati ya ujenzi ndipo wananipigia simu.

Na ukinunua nyumba iliyokwisha "tengenezwa", dai kibali cha matengenezo hayo. Asiyekuwa nacho anakuuzia na kesi yake.

---

Mwenye Hoteli Ndogo

Mimi niseme ukweli hata kama mtanichukia. Nina hoteli ndogo, nimekaguliwa na Zimamoto, nimekaguliwa jikoni, nalipa kila kitu, nina wafanyakazi wenye mikataba. Pembeni yangu kuna nyumba tatu zinachukua wageni wale wale kwa nusu bei, hazina hata mtungi wa kuzimia moto. Ngazi moja, ya mbao, nyembamba. Siku ya moto wageni watatokea wapi? Mwaka 2024 visiwa hivi vilipokea wageni zaidi ya 700,000. Wote wanalala mahali. Serikali ikitaka kujua wanalala wapi ifungue simu tu.

Barcelona wametangaza kwamba leseni za fleti za watalii, zaidi ya 10,000, hazitaendelezwa zikimalizika Novemba 2028. New York tangu Septemba 2023 mtu hakodishi chini ya siku 30 mpaka ajisajili, awemo mwenyewe ndani ya nyumba, na wageni wasizidi wawili. Sisi hata kusajili tunaona tumeonewa.

Mtoto wa Kiponda

Kaka, hao ni watu wenye miji yenye kazi nyengine. Huku mwanamke mjane ana nyumba ya urithi na vyumba vitatu vitupu. Ukimwambia afuate utaratibu wa hoteli ya nyota nne, atafunga, ataiuza, atanunua tajiri, na yeye atahamia Fuoni. Halafu mtalia kuwa mji umekwisha watu.

Mwenye Hoteli Ndogo

Sijasema nyota nne. Nimesema mtungi wa moto.

Msimamizi wa Mkunazini

Nakubaliana na wote wawili zaidi kuliko mnavyotaka. Mjane mwenye vyumba vitatu anayekaa humo mwenyewe simwoni kuwa tatizo. Mgeni wake anaonywa kuhusu nguo, anaonyeshwa njia, anakula chapati asubuhi. Tatizo naliona kwenye nyumba ambayo hakuna mtu, ufunguo uko kwenye kisanduku cha namba mlangoni, na anayejibu ujumbe yuko nchi nyengine. Ningekuwa mimi ndiye naandika kanuni, hao wawili nisingewaweka kapu moja. Kwa sasa wote wanatakiwa leseni, na Zimamoto wanakuja kwa wote. Mtungi, kitambua moshi, njia ya kutokea yenye taa. Bei yake haifiki mapato ya wiki moja ya Agosti.

---

Bi Jirani

Hamjambo wanangu. Mimi ni mtu mzima, naandikiwa na mjukuu wangu.

Nyumba ya ubavuni kwangu inachukua wageni. Wageni sina ugomvi nao, watoto wa watu. Lakini wanagonga kwangu saa nane za usiku kwa sababu simu imewaleta mlangoni kwangu. Nimeshafungua mlango nimevaa kanga, nakuta vijana wanne na mabegi. Hayo mabegi ya magurudumu juu ya njia ya mawe, utadhani linapita gari la ng'ombe. Taka wanaziweka nje mchana, paka wanatapanya. Mwezi wa Ramadhani mmoja amekaa kwenye baraza yangu anakula sambusa, hajui masikini. Kosa si lake, ni la aliyempa ufunguo asimwambie kitu.

Nilikwenda kwa sheha. Sheha anasema hata hajui kama pale pana wageni.

Msimamizi wa Mkunazini

Shikamoo bibi. Hili lako ndilo nililotaka kuliandika, na umeliandika vizuri kuliko mimi.

Vijana, sheha si wa kupita. Ndiye anayetakiwa kujua nani yuko kwenye shehia yake, na barua yake utaihitaji kwenye mambo mengi. Mwenye nyumba anayeanza kwa kwenda kwa sheha na kwa jirani wa kulia na wa kushoto, akaacha namba ya simu inayopokelewa usiku, hupata usingizi. Weka daftari la wageni: jina, uraia, namba ya pasi, siku ya kuingia na ya kutoka. Siku Uhamiaji au polisi wakija kuuliza, unafungua daftari, mnakunywa kahawa.

Mgeni wa usiku apokewe. Gari haziingii kwenye vichochoro vyetu, basi mtu wako amsubiri Forodhani au Darajani amlete kwa miguu, begi libebwe. Taka mlipie Manispaa, na muulize siku za kuchukuliwa mtaani kwenu. Na karatasi moja ukutani, kwa Kiingereza na Kitaliano: nguo za kutokea nje, kelele, baraza ni ya nani, Ramadhani ikoje, na kwamba adhana ya alfajiri haizimwi. Msicheke, kuna mgeni alimwandikia mteja wangu maoni ya nyota mbili kwa sababu ya msikiti.

Bi Jirani

Astaghfirullah. Msikiti ulikuwepo kabla ya babu yake.

---

Kijana wa Paje

Bro, hayo ya mjini. Huku shamba mbona kila mtu anakodisha tu na hakuna anayefuatwa?

Msimamizi wa Mkunazini

Wanafuatwa, hawasemi. Huku kwenu Mamlaka ya Mji Mkongwe haihusiki, lakini Kamisheni ya Utalii ni hiyo hiyo na kodi ni zile zile, halmashauri ni ya wilaya yenu. Na ukijenga kando ya pwani una watu wa mazingira, ZEMA. Kisima, shimo la choo, umbali na bahari, wavuvi wapite wapi. Ukiziba njia ya wanaokwenda kulima mwani, kijiji kitakufuata kabla ya Serikali.

Kijana wa Paje

Hilo la njia kweli. Haya, kodi sasa.

Msimamizi wa Mkunazini

Kodi. Unashughulika na ofisi mbili za kodi. ZRA ni ya Zanzibar, ile iliyokuwa ZRB mpaka jina likabadilishwa 2022. TRA ni ya Muungano.

ZRA wanakusajili kulingana na mauzo yako. Ukiingia kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, malazi yanatozwa asilimia 15, si 18 ya Bara. Mauzo yako yasipofikia kiwango cha VAT kuna ushuru wa hoteli. Juu yake iko kodi ya miundombinu, inayohesabiwa kwa kichwa cha mgeni kwa kila usiku aliolala, kwa dola. Risiti ni ya VFMS, mfumo wa risiti wa ZRA. Mashine uliyozoea kuiona Dar si ya huku. TRA wanataka kodi ya mapato, na ikiwa nyumba umeikodisha kwa kampuni ndiyo iiendeshe, kampuni itakukata asilimia 10 ya zuio kabla haijakulipa. Ukiona pesa zimepungua usimtukane mtu, dai cheti cha zuio.

Neno langu hapa ni moja: bei ya mtandaoni ipange kodi zikiwa zimo ndani. Mgeni akishalipa huko, kumdai tena mlangoni ni kujitafutia maoni mabaya.

Na kuna la bima, maana wageni wanadhani ni wizi wa mwenye nyumba. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, inamfaa siku 92. Hata akiwa na bima ya kwao. Mwandikie mapema, siku anayothibitisha, asije akakutana nalo uwanja wa ndege akafika kwako amenuna.

Kijana wa Paje

Na nikimpeleka mgeni wangu kuogelea Mnemba, namwongeza bei kidogo?

Msimamizi wa Mkunazini

Hiyo leseni nyengine. Kulaza watu ni kitu, kuuza safari ni kitu, kuongoza watalii ni kitu. Wewe mpe namba ya mwenye leseni. Na friji ya bia chumbani pia ina leseni yake, tena ile ndiyo ngumu kuliko zote, na jirani akiwa kama Bi Jirani hapo juu, achana nayo kabisa.

---

Mpemba wa Wete

Sisi huku leseni tunakata vizuri tu, ofisini hapana hata foleni. Tatizo hatuna wageni wa kuwalaza! Tuleteeni basi hao wanaowagongea milango saa nane.

Mtoto wa Kiponda

Chukueni na mabegi yao.

---

Niko Muscat

Ndugu msimamizi, nimesoma yote. Nimezungumza na dada jana usiku. Yeye hakatai wageni, anachokataa ni kupita kwake. Anasema kukiwa na mlango mwengine atasaini. Kuna mlango wa nyuma uliozibwa zamani, unatokea kichochoro cha msikitini.

Msimamizi wa Mkunazini

Basi mmeshavuka penye mto. Lakini mlango huo msiuguse. Kwanza mirathi, hati zitoke na majina yenu wane, na yeye awemo kwenye mgao wa mapato, si saini tu. Pili, mchoro wa mlango upelekwe Mamlaka, mseme ulikuwepo ukazibwa. Kama mna picha ya zamani inayouonyesha itafuteni, inasaidia sana. Tatu, mzungumze na watu wa msikiti, kile kichochoro ndicho wanachopita kwenda kutia udhu.

Fundi Chokaa

Na kabla ya yote hayo nipelekeni nikaangalie. Mlango uliozibwa mara nyingi umezibwa kwa sababu ukuta ulikuwa unalia.

Niko Muscat

Dada yupo asubuhi, baada ya saa tatu. Namba yake nakutumia faragha.